Mizani ya bei za chakula: tathmini ya taarifa ya mfumuko wa bei ya NBS, ikiwekwa kando ya ile ya KNBS

Bidhaa hii haiuzwi dukani. Ni taarifa ya Mfumuko wa Bei wa Taifa ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, NBS, huitoa kila mwezi, kwa kawaida kuzunguka tarehe 8, ikieleza bei za mwezi uliotangulia. Tunaitathmini kama mnunuzi anavyoikagua mizani ya duka: inapima nini, inapotoka wapi, na nani aitumie kwa kazi gani. Tumejikita kwenye chakula kwa sababu malalamiko mengi hutoka hapo. Taarifa inasema asilimia tatu, sokoni mtu anaapa unga umepanda nusu, na kila upande unamwona mwenzake mwongo. Pembeni tumeiweka taarifa ya KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, kwa kuwa inafanya kazi ile ile kwa namna tofauti kidogo, na tofauti hizo zinafundisha.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kama kipimo cha mwendo wa bei kwa fedha yote inayotumiwa na kaya za nchi nzima, ni chombo kizuri na cha kuaminika. Kama kipimo cha sufuria ya kaya yenye kipato cha chini, hakikuundwa kwa kazi hiyo, na taarifa yenyewe haimwonyi msomaji vya kutosha.

Kilichomo kwenye kapu, na kisichomo

Kapu, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake hufuatwa, la sasa lilianza kutumika mwanzoni mwa 2021. Lina bidhaa na huduma 383, wakati lililotangulia lilikuwa na 278. Mwaka wa kizio, ambao bei zake huhesabiwa kuwa 100, ni 2020, na uzito wa kila bidhaa, yaani sehemu yake katika matumizi yote, umetokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18. Bei hukusanywa katika mikoa yote 26 ya Tanzania Bara. Zanzibar haimo. Kule Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ina fahirisi yake, yaani namba inayofuata kiwango cha bei, na kapu lake, kwa hiyo neno "Taifa" kwenye jina la taarifa lisikupoteze.

Namba ya kuitazama kwanza, kabla hata ya asilimia ya mwezi, ni uzito wa chakula. Kundi la vyakula na vinywaji visivyo na kilevi lina uzito wa asilimia 28.2. Kwenye kapu la Desemba 2015 lilikuwa na 38.5, na kwenye lile la Septemba 2010 lilikuwa na 47.8. Ndani ya miaka kama kumi chakula kimetoka karibu nusu ya kapu hadi chini ya theluthi. Sehemu ya mteremko huo ni ya kawaida: kaya ikipata zaidi, chakula huchukua sehemu ndogo zaidi ya matumizi yake, kanuni aliyoieleza mtakwimu Mjerumani Ernst Engel tangu 1857. Sehemu nyingine hutegemea mipaka: ni matumizi gani yamehesabiwa na yapi yameachwa nje. Lakini kupungua kwa pointi kumi kwa mkupuo mmoja kunastahili maelezo ya ukurasa mzima, ya lugha ya kawaida, yanayoambatana na kila taarifa. Msomaji wa kawaida hayapati hapo.

Halafu angalia kilichoachwa nje ya neno "chakula". Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie na chipsi mayai za jioni hazimo kwenye ile 28.2, ziko kwenye kundi la migahawa na huduma za malazi. Mkaa na gesi ya kupikia viko kwenye kundi la nyumba, maji na nishati. Mchele ukipanda leo, ongezeko linaonekana kwenye chakula. Sahani ikipanda wiki kadhaa baadaye kwa sababu ya mchele huo huo, linaonekana kwingine. Kwa mtu wa mjini anayekula mchana barabarani siku sita za wiki, mstari wa "chakula" unaeleza nusu tu ya anachokula.

Kila shilingi ina kura, si kila kaya

Uzito hutolewa kwenye jumla ya fedha zilizotumiwa na kaya zote. Kaya inayotumia milioni tatu kwa mwezi ina sauti mara kumi ya ile inayotumia laki tatu. Hili si kosa la NBS. Ndivyo fahirisi za bei za nchi nyingi zinavyopangwa, na kwa Benki Kuu inayosimamia fedha ya nchi nzima ndiyo njia inayofaa. Tatizo huja pale namba hiyo inapotumiwa kumjibu mama mwenye watoto wanne.

Chukua mwezi wa mfano. Chakula kimepanda asilimia 10 kwa mwaka, vingine vyote kwa jumla asilimia 2.5. Kwa uzito wa NBS, chakula kinachangia 0.282 × 10, yaani 2.82, vingine vinachangia 0.718 × 2.5, yaani 1.80. Mfumuko wa jumla ni 4.6. Sasa chukua kaya ambayo chakula kinameza asilimia 55 ya matumizi: 5.5 jumlisha 1.1, mfumuko wake ni 6.6. Soko moja, bei zile zile, tofauti ya pointi mbili. Wala mfano haukutoka hewani: mwanzoni mwa 2023 mfumuko wa jumla ulikuwa chini kidogo ya asilimia 5 huku ule wa chakula ukikaribia 10.

Kenya iliwahi kulishughulikia hili kwa namna tunayoipenda. Kwenye kapu la Februari 2009, KNBS iligawa kaya za Nairobi katika makundi matatu ya kipato, cha chini, cha kati na cha juu, kila moja na uzito wake. Msomaji aliweza kuona kundi lipi linaumia zaidi mwezi huo. NBS ina malighafi ya kufanya hivyo, kwa sababu utafiti wa kaya unaotoa uzito wa taifa unaweza kutoa pia uzito wa makundi. Bei hazihitaji kukusanywa upya. Kati ya maboresho yote tunayoweza kuyapendekeza, hili ndilo rahisi kuliko yote kwa gharama.

Fungu, sado na mzani

Ugumu wa kupima bei za chakula Afrika Mashariki uko kwenye kipimo, kabla hujafika kwenye hesabu. Sukari ya pakiti ya kilo moja haina shida. Lakini nyanya huuzwa kwa fungu au sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, mahindi kwa debe, ndizi kwa mkungu au chane, dagaa kwa kikombe, na Kenya unga na nafaka za kupima huenda kwa gorogoro, kopo la kupimia.

Bei ya fungu ni ngumu kubadilika. Muuzaji huiacha 500 miezi na miezi, kinachobadilika ni idadi. Nyanya tano zikiwa nne, mdadisi anayeandika "fungu, 500" ameandika mfumuko wa sifuri, ilhali bei ya nyanya moja imetoka 100 hadi 125, ongezeko la asilimia 25. Nyanya hizo nne zikiwa kubwa kuliko zile tano za mwezi jana, basi hata kuhesabu idadi kunadanganya. Dawa ni mzani mdogo wa kidijitali. Weka chombo juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, pima mafungu yasiyopungua matatu ya muuzaji huyo huyo, jumlisha bei, gawa kwa jumla ya uzito, uandike shilingi kwa kilo. Fungu moja halitoshi, kwa sababu muuzaji akikuona una mzani atakuchagulia lililo bora.

Sado nayo ina hila zake. Ile iliyojazwa ikawa na kilima juu na ile iliyosawazishwa kwa mkono hazilingani, na sado ya maharage na ya viazi hazina uzito mmoja, kwa hiyo hakuna namba moja ya kugeuza sado kuwa kilo. Kila bidhaa ipimwe kivyake, na ipimwe tena msimu ukibadilika, kwa maana mahindi mabichi yaliyotoka shambani ni mazito kuliko makavu ya miezi mitano. Kwenye bei za jumla kuna lumbesa, lile gunia lililoongezewa kichwa juu ya mdomo wake, ambalo Wakala wa Vipimo amekuwa akilipiga marufuku. Gunia la viazi likirudishwa kwenye kilo 100 halali na bei ikabaki ile ile, bei ya kilo imepanda, hata kama daftari la bei ya gunia halionyeshi kitu.

Mafuta ya kula yana ugonjwa wa aina nyingine. Chupa ya lita moja inaweza kupanda kidogo kidogo. Mafuta ya kupima hayawezi, kwa sababu hakuna sarafu ya kuongeza shilingi kumi na tatu. Kipimo cha 500 hukaa 500 mpaka muuzaji achoke, kisha kinaruka hadi 600, asilimia 20 kwa siku moja. Fahirisi inayofuata chupa ya lita itaonyesha mteremko laini, mnunuzi wa kipimo anaonja ngazi. Baada ya mwaka wanaweza kufika mahali pamoja, lakini kwa mwezi mmoja mmoja hawaelewani kabisa, na ndiyo sababu moja ya watu wa mtaani kutoiamini taarifa ya mwezi.

Ubora ndio mtego wa kimyakimya. "Mchele, kilo moja" si maelezo ya bidhaa. Mchele wa Kyela usiochanganywa mwezi huu, mchele uleule ukiwa na chenga theluthi moja mwezi ujao, bei haijabadilika, na umeshapanda. Maelezo ya bidhaa kwenye fomu ya mdadisi yanapaswa kutaja aina, daraja, mahali ulipotoka na kipimo. Vivyo hivyo kwa unga: sembe na dona ni bidhaa mbili. Na saa ina uzito wake. Nyanya za saa mbili asubuhi na za saa kumi na mbili jioni hazina bei moja, kwa hiyo meza ile ile itembelewe saa ile ile, na bei inayoandikwa iwe ya kulipa baada ya mapatano, siyo ya kwanza kutajwa.

Bidhaa ikikosekana, wapimaji wavivu hurudia bei ya mwezi uliopita. Kwa maembe na matunda mengine ya msimu hili ni kosa baya: mstari unakuwa bapa miezi minne, kisha unaruka au kuporomoka siku msimu unapofunguka, na kuruka huko kunasomeka kama mfumuko mpya. Njia sahihi ni kukisia kwa mwendo wa bidhaa ndugu. Machungwa na ndizi zikipanda asilimia 6, embe lisiloonekana sokoni lipewe asilimia 6 hadi litakaporudi.

Tena kuna bei zinazotangazwa lakini hazionekani. Mapema 2024 sukari iliadimika Tanzania na Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Julai 2022, Kenya, bei ya pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilitangazwa kushushwa hadi shilingi 100 kutoka takriban 205, kwa ruzuku. Sheria ya kazi ni moja kwa hali zote mbili: inaandikwa bei ambayo bidhaa imeuzwa kweli. Rafu ikiwa tupu, tangazo la ukutani si bei. Msomaji anayekuta fahirisi imeshuka mwezi wa ruzuku aulize kwanza kama bidhaa yenyewe ilipatikana.

Wastani gani?

Hapa watu wengi hulala, lakini ndipo Kenya ilipopata somo kubwa. Fikiria wauzaji wawili wa vitunguu. Wa kwanza anapandisha kilo kutoka 1,000 hadi 2,000. Wa pili anashusha kutoka 2,000 hadi 1,000. Uwiano wa bei ni 2 na 0.5. Wastani wa kawaida wa uwiano huo ni 1.25, yaani "bei zimepanda asilimia 25". Mwezi unaofuata wote wawili wanarudi walikotoka. Uwiano ni 0.5 na 2, wastani tena 1.25. Zidisha miezi hiyo miwili: 1.5625. Fahirisi inasema bei zimepanda zaidi ya asilimia 56, na sokoni hakuna kilichobadilika hata senti. Wastani wa kijiometri, ambao huzidisha uwiano na kutafuta kipeuo, unatoa 1 na 1. Hakuna kilichopanda.

Bei za mboga hupanda na kushuka hivi hivi kila mwezi, kwa hiyo wastani wa kawaida hukusanya mfumuko ambao haupo. KNBS ilihama kutoka wastani wa kawaida kwenda wa kijiometri mwaka 2009, na mfumuko uliotangazwa ukaanguka kwa zaidi ya nusu kwa mkupuo. Wengi walihisi namba zimepikwa. Kwa kweli zilizokuwa na kasoro ni za nyuma. Ukilinganisha mfumuko wa Kenya wa miaka ya kabla na baada ya hapo bila kujua jambo hili, utaandika historia ya uchumi isiyokuwepo.

Kuisoma bila kujikwaa

Taarifa inaposema mfumuko umepungua, bei hazijapungua. Debe lililokuwa 20,000 likawa 24,000 lina mfumuko wa asilimia 20. Mwaka unaofuata likiwa 24,720, mfumuko "umeshuka" hadi asilimia 3, na mnunuzi analipa zaidi kuliko wakati wowote. NBS hulieleza hili kwa usahihi kabisa, ikisema kasi ya ongezeko la bei imepungua. Vichwa vya habari ndivyo vinavyokata maneno ya mwanzo.

Kosa la pili ni kutoa pointi na kuziita asilimia. Fahirisi ya chakula ikiwa 125.0 mwaka jana na 131.0 mwaka huu, tofauti ni pointi 6, lakini mfumuko ni 131 ÷ 125, yaani asilimia 4.8. Kadiri fahirisi inavyopaa mbali na 100, ndivyo kosa hili linavyonenepa.

Mabadiliko ya mwezi kwa mwezi kwenye chakula yasizidishwe mara 12. Mahindi hushuka yanapovunwa na kupanda ghala linapokauka, kila mwaka. Kulinganisha na mwezi ule ule wa mwaka jana huondoa sehemu kubwa ya msimu, isipokuwa msimu usiofuata kalenda ya jua. Ramadhani huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari. Kwa hiyo Februari 2026 ina kama theluthi ya mfungo ndani yake, na Februari 2025 haikuwa nao. Ndizi mbivu, viazi vitamu, tambi na tende vikiwa juu katika ulinganisho huo, hasa Zanzibar na mji kama Tanga, sehemu ya ongezeko ni ya kalenda. Anayetaka kuikwepa atumie wastani wa Februari na Machi kwa pamoja kwa miaka yote miwili.

Mfumuko wa bei wa msingi, unaoondoa vyakula visivyosindikwa na nishati, una uzito wa asilimia 73.9 ya kapu la NBS. Ni mstari wa Benki Kuu. Mtu wa biashara ya chakula autazame kwa sababu moja tu: vyakula visivyosindikwa vikipanda na msingi ukitulia, chanzo ni mvua, barabara au mpaka, na bei zinaweza kurudi. Vyote viwili vikipanda pamoja, asisubiri kurudi.

Taarifa pia huweka mfumuko wa nchi jirani, Kenya na Uganda, kando ya ule wa Tanzania. Sehemu hii tungeiondoa. Uzito wa chakula kwenye kapu la Kenya ni 32.91, makapu hayafanani, na miaka ya kizio haifanani. Msomaji anaachwa na mashindano yasiyo na kombe.

KNBS kando yake

Kapu la Kenya lina bidhaa na huduma 330, kizio chake ni Februari 2019, na uzito ulitoka kwenye utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16. Bei hukusanywa wiki ya pili na ya tatu ya mwezi katika kanda 50, na taarifa hutoka siku ya mwisho ya kazi ya mwezi huo huo. Ni kasi ya kupongezwa. Ubaya wake ni mdogo lakini upo: bei ikiruka wiki ya nne, itasubiri mwezi ujao, na mtu anayesoma taarifa siku inapotoka tayari amelipa zaidi ya inavyosema.

Kinachotufanya tuipe KNBS alama ya juu kidogo ni jedwali moja. Ndani yake kuna wastani wa bei kwa shilingi za Kenya wa bidhaa zilizochaguliwa, na vipimo vyake: unga wa mahindi kilo 2, sukari kilo 1, nyanya kilo 1, sukuma wiki kilo 1, mafuta ya kupikia lita 1, gesi ya kilo 13, umeme wa uniti 50 na wa uniti 200, mwezi huu, mwezi uliopita na mwaka uliopita. Mtu yeyote anaweza kwenda sokoni na karatasi ile mkononi. Kwenye muhtasari wa mwezi wa NBS unakuta fahirisi, asilimia na mifano ya bidhaa zilizopanda au kushuka, ila jedwali la shilingi kwa kipimo la namna hiyo hulikuti. Asilimia haikaguliki na mnunuzi. Bei inakaguliwa. Tungeipa NBS nyota tatu na nusu kati ya tano, KNBS nne, na nusu hiyo nzima ni ya jedwali.

Vya kuongezea, kwa haraka

Kwa bei za jumla za nafaka, maharage na viazi kimkoa, Wizara ya Viwanda na Biashara ya Tanzania hutoa bei ya chini na ya juu kwa kilo 100. Inafaa kwa mfanyabiashara anayelinganisha Songea na Dar es Salaam. Haifai kupimia kaya. Tathmini ya kila mwezi ya uchumi ya Benki Kuu ya Tanzania ni nzuri kwa kuona akiba ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pamoja na mwendo wa bei za jumla. Akiba ikiwa ndogo miezi michache kabla ya mavuno, bei ya mahindi haina breki.

Fahirisi ya chakula ya FAO hunukuliwa sana na kueleweka kidogo. Ina makundi matano, nafaka, mafuta ya mimea, maziwa, nyama na sukari, kwa bei za biashara ya kimataifa, kizio chake kikiwa 2014–2016. Ilifika kilele Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Kwa ngano na mafuta ya mawese tunayoagiza, ifuate. Kwa mahindi meupe ya Rukwa na dagaa wa Mwanza, iache.

Daftari la kaya

Anayetaka mfumuko wa chakula wa nyumba yake, au wa kibanda chake cha chakula, anaweza kuupima kwa saa mbili kwa mwezi. Wiki nne za mwanzo usipime bei, andika matumizi tu: kila shilingi ya chakula imeenda wapi. Hizo ndizo uzito. Chagua bidhaa zinazobeba angalau nne kwa tano ya matumizi hayo. Kwa kaya nyingi hazizidi 15. Kisha wauzaji watatu kwa kila bidhaa, siku moja ya mwezi, mfano Jumamosi ya pili, saa ile ile, kila kitu kwa kilo au lita.

Nyanya kwa wauzaji watatu: 2,000 imekuwa 2,400, 2,000 imekuwa 3,000, 2,500 imebaki 2,500. Uwiano ni 1.2, 1.5 na 1.0. Zidisha: 1.8. Kwenye kikokotoo cha simu, ukiilaza simu ili alama za kipeo zitokee, andika 1.8 kwa kipeo cha (1÷3): 1.216. Nyanya zimepanda asilimia 21.6. Wastani wa kawaida ungekupa 23.3.

Sasa kapu. Unga uzito 25, uwiano 1.10, mchele 20, 1.05, maharage 12, 1.00, mafuta 10, 0.95, sukari 8, 1.20, nyanya na vitunguu 10, 1.30, dagaa na samaki 15, 1.08. Zidisha kila jozi na ujumlishe: 27.5 + 21 + 12 + 9.5 + 9.6 + 13 + 16.2 = 108.8. Chakula cha kaya hiyo kimepanda asilimia 8.8. Uzito usiuguse kwa mwaka mzima, hata kama umepunguza sukari kwa sababu ya bei. Ukipunguza uzito wa kila kinachopanda, daftari litaonyesha utulivu wakati watoto wanakunywa chai chungu.

Muuzaji akihama, tafuta mwingine anayefanana naye na uanze uwiano wake mwezi unaofuata. Usilinganishe bei yake mpya na ya zamani ya aliyehama. Anayetaka kuchapisha namba zake hadharani Tanzania asome kwanza Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, pamoja na marekebisho yake ya 2018 na 2019. Asilimia ya kwanza ya mwaka itapatikana mwezi wa 13. Kabla ya hapo una mabadiliko ya mwezi kwa mwezi tu, na kwenye nyanya hayo hayatoshi kuamulia chochote.